Shati Zima

Jumatatu, 3 Machi

Machi tatu tena. Mwaka wa thelathini na mbili tangu nivuke mpaka na begi moja, ndani vitabu na shati la kubadilisha. Kila mwaka tarehe hii huandika mstari mmoja tu na kufunga daftari. Mwaka huu mstari hautoshi. Mambo mawili yamenifikia wiki moja, na yana harufu ileile.

La kwanza: serikali ya kwetu inatuita turudi. Imefungua ofisi hapa mjini, ofisi ya wanaorejea. Kila mtu anapangiwa siku yake, anafika, anaweka dole gumba, anapewa kiti kwenye basi. Asiyefika siku yake, jina linafutwa. Mdogo wangu wa kike amekwisha kuniandikisha huko huko aliko. Alipiga simu asubuhi, anacheka na kulia kwa pamoja. Siku yangu ni Ijumaa ya tarehe 28, kabla ya saa tisa alasiri. Mabasi ni mapya, anasema, yana mapazia. Nikauliza mapazia ya nini.

"Ya jua, Kaka. Ya jua tu."

Labda.

La pili: gereza. Jumamosi nyingi nimefundisha pale kusoma na kuandika, chumba kimoja, ubao mmoja. Sasa wanapanua. Vyumba vitatu, karakana ya ushonaji, cherehani mpya, na wanataka mwalimu anayeweza kusimama ubaoni na kukaa kwenye cherehani pia. Huyo ni mimi. Kwetu nilifundisha jiografia. Huku nimekula kwa sindano mpaka macho yakachoka, nikamwachia binti yangu duka.

Afisa wa mafunzo ni kijana, viatu vyake vinang'aa hata unaweza kujitazamia. Akaniambia, "Mzee wangu, hii ni nafasi nzuri kwao na kwako pia." Mtu akiniambia jambo ni zuri kwangu, mimi hutafuta mlango uko wapi.

Nimekubali, hata hivyo. La gereza. La basi, bado.


Alhamisi, 6 Machi

Siku ya kwanza karakana. Ukumbi mrefu, madirisha juu kabisa karibu na paa, cherehani mistari mitatu, mafuta bado mabichi. Bango jipya: ELIMU HAINA KUTA. Limepigiliwa misumari ukutani. Hakuna aliyecheka isipokuwa mimi, na mimi nilicheka kwa ndani.

Hapa watu huitwa kwa vipande vyao. Yupo Tundu, anayetoboa matundu ya vifungo. Yupo Pindo, mtu mnene, bega la kulia limepanda juu kuliko la kushoto tangu aanguke ghorofani akiwa mjenzi. Yupo Kola. Kila mmoja anashona kipande chake, anasukuma kwa jirani, jirani anasukuma mbele. Mwisho wa mstari inatoka sare ya hospitali, inakunjwa, inaingia kwenye boksi, boksi linaingia kwenye lori la mzabuni. Vitambaa navyo vinaletwa na lori hilo hilo, vimekwisha kukatwa, vimefungwa kwa kamba.

Nikauliza: nani hapa anaweza kushona shati zima?

Tundu akamwangalia Pindo. Halafu Kola, mrefu, sauti ya polepole: "Mwalimu, mimi tangu niingie nashona kola. Kuanzia shingo kushuka chini, mtu hanihusu."

Wakacheka wote. Mimi pia.

Nilimfuata afisa ofisini. Mbona hawafundishwi kukata? "Mkasi ni silaha, Mzee wangu." Kweli, mkasi ni silaha. Ila ni kweli vilevile kwamba fundi ni yule anayekata. Anayeshona mshono mmoja si fundi, ni kipande cha mashine. Akitoka hapa na cheti chake, atakwenda kuomba kazi ya kola wapi? Atarudi kwa mzabuni, kwa bei ya mzabuni. Au atarudi humu. Sasa sijui mkasi umekatazwa kwa sababu ipi, ya kwanza au ya pili. Afisa mwenyewe pengine hajui. Hao ndio wabaya zaidi, wasiojua.

Wakati wa kutoka Kola aliniuliza lori huja siku gani. Nikamjibu, Jumanne na Ijumaa. Sikufikiri.


Jumatatu, 10 Machi

Nimepata njia. Karatasi.

Shati huanzia kwenye karatasi: vipande vya kupimia ambavyo fundi huvilaza juu ya kitambaa kabla ya kukata. Sisi huviita pateni. Na karatasi haihitaji mkasi. Unaikunja penye mstari, unapitisha ukucha, unailowesha kwa ulimi, unaikunja upande wa pili, ukucha tena, halafu unachana polepole juu ya ukingo wa meza. Inatoka imenyooka. Kona za mviringo, kama ya kwapa, ndizo ngumu. Hizo unachana kidogo kidogo, kama mtu anayekula embe bila kisu.

Nilimwomba afisa magazeti ya zamani. "Chukua yote," akasema, hata hakuinua kichwa. Mbona rahisi hivyo? Mchana nikajua: wageni wanakuja kupiga picha, na wafungwa wakiinamia karatasi wanaonekana wanasoma.

Haya. Wapige.

Tundu alichana mkono wa shati ukatoka kama samaki. Pindo akamwambia, "Huyo wa kukaanga, si wa kuvaa." Kola hakuchana kitu. Alitazama vidole vyangu tu.


Jumapili, 16 Machi

Wiki hii Kola amekuwa akinihimiza tufike haraka kwenye shati zima, na sasa nimejua sababu. Bodi ya gereza inakaa tarehe 28 asubuhi. Mfungwa aliyebakiza muda mfupi, akiwa na ufundi kamili na mtu wa kumpokea kazini, anaweza kuachiwa mapema. Ndicho kipengele kipya cha mpango huu, na ndicho kipengele pekee ninachokipenda. Kola hana ndugu wa kumpokea.

Nikamwambia binti yangu baada ya chakula. Akaweka kikombe chini.

"Baba, unataka kuniletea mfungwa dukani?"

"Fundi."

"Alifanya nini?"

Sijui. Sikuwahi kumuuliza hata mmoja wao. Nikijua, mkono wangu utakuwa mzito.

"Wewe ambaye unashuku hata mapazia ya basi," akasema. "Wewe unayekagua risiti ya mkate. Leo unamwamini mtu aliyefungwa kisheria."

Simwamini, nikamjibu. Namfundisha tu. Akacheka, akasema sawa, nione shati lake kwanza. Zima, kwa mkono wake, tangu karatasi. Likiwa zuri ataandika barua kwa Bodi.

Binti yangu alizaliwa huku. Habari za basi hazimgusi. Hanizuii wala hanisukumi. Jana nilimkuta anatazama koti langu zito, lile la baridi ya kwetu, analikagua kama limeliwa na nondo. Sijui alikuwa anaaga au anasafisha kabati.


Alhamisi, 20 Machi

Kola anaweza.

Nasema hivi mimi ambaye sisemi hivi ovyo. Alichana kifua, mgongo, mikono, kola, vifundo vya mkono. Akatia mishale ya kuonyesha nyuzi za kitambaa zielekee wapi. Akatia vijino: vile vialama vidogo vya pembe tatu ukingoni, ili mshonaji ajue kipande hiki kikutane na kile. Kijino kwa kijino. Nilipanga vyote mezani, sikupata la kusahihisha ila moja, na hilo lilikuwa kosa langu la kueleza.

Anamshonea nani? "Pindo. Amesema tangu bega lipande hajavaa shati lisilomkaba." Pindo akasema, "Mwalimu, mimi nimejitolea mwili wangu kwa sayansi."

Vipande tumeviweka kabatini. Wiki ijayo afisa ataniruhusu nikate kitambaa mimi mwenyewe, ofisini kwake, mkasi ukiwa umefungwa kwa mnyororo kwenye mguu wa meza. Ndivyo alivyosema, bila aibu yoyote. Kisha Kola atashona.

Mdogo wangu kapiga simu. Ameweka mapazia mapya chumba changu. Familia hii na mapazia.


Jumatatu, 24 Machi

Nilipofika langoni leo sikupelekwa karakana. Nilipelekwa ofisi ya mkuu wa ulinzi.

Jana kulikuwa na upekuzi. Kabati likafunguliwa. Askari akaona karatasi zilizochanwa kwa uangalifu mkubwa, zenye mishale, alama za pembe tatu, vipimo kwa penseli. Akazipeleka juu. Huko juu wakazipanga mezani, na walizipanga wanavyojua wao: ukingo kwa ukingo, kama vigae. Mgongo ukawa uwanja. Mkunjo wa kwapa ukakaa pembeni, na lazima niseme kweli, ule mviringo unafanana sana na ukuta wa mashariki pale unapozunguka mnara. Mikono ikawa korido. Mishale yote ikaelekea langoni.

Kola yuko chumba cha peke yake tangu jana. Kosa: mchoro wa kutorokea. Likithibitika, Bodi haitamwachia, tena ataongezewa miaka.

Nikawaambia ni shati. Mkuu wa ulinzi, mtu wa makamo, mstaarabu, akaniambia, "Mzee, hata mimi ningependa liwe shati." Nikavipanga upya, kifua, mgongo, mikono. Afisa wa mafunzo alisimama ukutani, viatu vyake havina mng'aro leo. Ni yeye aliyetoa magazeti.

Kisha mkuu akasukuma kipande kimoja mbele yangu. "Na hiki?"

Kipande kidogo, pande nne, hakuna upande unaolingana na mwenzake. Mshale mmoja. Vijino vitatu. Sijawahi kukifundisha. Sijawahi kukiona.

Nilipaswa kusema kitu mara moja. Nilisema, "Acha nikitazame."

Akaniruhusu nivinakili vyote kwenye gazeti, mbele ya askari. Bodi itaniuliza Ijumaa. Nije asubuhi, nisubiri, nitaitwa wakati wowote hadi jioni.

Ijumaa. Tarehe 28.


Jumatatu hiyohiyo, jioni

Nimemwambia binti yangu siku mbili zimegongana, na kwamba siku hazigongani hivihivi. Akasema, "Baba, hakuna aliyekaa chini akapanga. Wewe si mtu mkubwa kiasi hicho." Ana maneno makali, kama mama yake.

Lakini lazima niandike hili, kwa kuwa sijawahi kuliandika.

Mimi nilitoka kwetu kwa sababu ya ramani. Darasa la saba, zoezi la kawaida: chora njia yako kutoka nyumbani hadi shule. Mtoto mmoja aliishi nyuma ya kambi ya jeshi. Akachora njia yake. Lango, uzio, mnara wa maji. Mchoro mzuri kuliko yote, nikautundika ukutani. Mkaguzi akapita, akautoa, akaondoka nao. Mkuu wa shule aliitwa, akaulizwa swali moja tu: lile lilikuwa somo au halikuwa somo?

Akasema: sijui.

Hakusema hapana. Alisema sijui, na wao wakaona linatosha. Kabla wiki haijaisha nilikuwa upande huu wa mpaka. Miaka yote hii simchukii mkaguzi, alikuwa kazini. Namchukia yule wa "sijui".

Na leo, nilipoonyeshwa kile kipande, neno lililonijia mdomoni lilikuwa hilo.

Kola aliniuliza siku za lori. Kwa nini mtu wa kola aulize siku za lori?


Jumatano, 26 Machi

Nimeshona.

Nilifunga mlango wa chumba cha nyuma cha duka, nikakata shuka la zamani kwa nakala za Kola, nikashona shati la Pindo tangu mwanzo. Binti yangu alinishikia taa, macho yangu hayafai. Kifua, mgongo, bega. Bega la kulia lilibaki limevutika vibaya. Shati likawa na tumbo penye mbavu, kama mtu aliyeficha mkate.

Halafu nikaona. Kipande cha pande nne si cha kuweka juu, ni cha chini. Kikwapa. Kinaingia kwapani, upande wa kulia tu, ili bega lililopanda lipate nafasi. Mafundi tunakijua kikwapa, lakini chetu hulingana pande zote, kwa kuwa sisi hushonea watu walionyooka. Huyu alikipinda kufuata bega la mwenzake. Nilikishona, nikamvalisha binti yangu, akaweka mto begani, akainua mkono. Shati halikuvutika hata kidogo.

"Huyu mtu," binti yangu akasema, akijitazama kwenye kioo, "mlete."

Akaandika barua pale pale. Nilikuwa nimefurahi. Nilikuwa nimekwisha kumimina chai.

Kisha nikahesabu vijino. Kipande kina vitatu. Kimoja kinakutana na mkono. Kimoja kinakutana na mbavu. Cha tatu hakikutani na kitu. Nimegeuza, nimepindua, nimefumua upande mmoja nikashona tena. Hakuna kijino mwenzake popote katika shati.

Huenda ni kosa la mtu anayejifunza. Huenda alibadili mawazo akasahau kufuta. Karatasi iliyochanwa haifutiki. Huenda ni jambo jingine. Kwenye ule mpangilio wao wa mezani, ule wa vigae, kijino hicho kilikuwa kando ya ukuta wa mashariki. Lakini vigae vile walivipanga wao. Nakumbuka hilo na bado halinitoshi.

Binti yangu anasema nimelogwa na pembe tatu. Kwamba nikifikishwa peponi nitakagua bawaba za mlango.


Alhamisi, 27 Machi

Nimeomba kumwona Kola. Wamekataa. Sawa, ningemuuliza nini? Na angenijibu nini ambacho ningekiamini?

Mdogo wangu kapiga. Nikamwambia nina shughuli kesho gerezani, kumtetea mfungwa mmoja.

"Kaka, huyo mfungwa ni ndugu yako?"

"Hapana."

"Umemwibia? Anakudai?"

"Hapana."

"Basi niambie tu kwamba hutaki kuja. Nimeosha kuta za chumba chako kwa mikono yangu. Niambie mimi, usinitumie mfungwa."

Alikuwa ananishuku, na alikuwa na haki. Nilimwambia labda Bodi itanimaliza mapema, nitawahi ofisi ile. Akasema, "Labda," kwa sauti yangu mimi.


Ijumaa, 28 Machi

Niko benchi la nje ya chumba cha Bodi. Ubao mgumu, ukuta wa kijani hadi kiunoni, mweupe juu. Simu yangu iko langoni kwenye sanduku. Daftari hili askari alilikagua, akajaribu kusoma mwandiko wangu, akakata tamaa, akanirudishia. Shati nimelishika mapajani, limekunjwa ndani ya mfuko. Barua ya binti yangu iko ndani, wameisoma.

Asubuhi yote walishughulika na wengine. Saa sita. Saa saba. Nilimuuliza askari kama naweza kwenda mjini mara moja na kurudi. Akasema naweza kwenda, kurudi ndiko hawezi kuahidi. Nikakaa.

Afisa wa mafunzo alikuja kukaa nami. Kumbe naye anaishi na shaka tu, kama mimi. Ananong'ona kuwa wakubwa wanasema mpango utasimamishwa kama Kola atatiwa hatiani. Karakana, ubao wa kusoma, vyote. "Mzee wangu, watakuuliza swali moja tu. Vipande vyote ni vya shati au si vya shati. Sema ndiyo, yaishe." Nikamtazama. Anamtetea Kola, au cheo chake? Labda vyote viwili. Labda hata kwake havina mpaka.

Saa nane walimleta Kola. Mikono nyuma, amepungua. Akaniona.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Pindo anakusalimu, nimepishana naye koridoni. Anauliza kama linamtosha."

Askari akasema hakuna kuongea. Nilitaka kuinua mfuko aone, nikaogopa wataona ishara. Nikatikisa kichwa tu, kwamba linamtosha. Akatabasamu. Nikalitazama lile tabasamu kama ninavyotazama mshono, nikitafuta uzi uliolegea. Ni la fundi aliyesikia kazi yake imekaa? Ni la mtu aliyepona? Sikujua. Mlango ukafungwa nyuma yake.

Ukweli wangu wote ni huu: vipande vyote vinaingia kwenye shati, na kijino kimoja sikijui maana yake. Nikisema nusu ya kwanza, anatoka. Nikisema nusu ya pili, wataishika hiyo tu. Nimekaa hapa nikimfikiria mkuu wangu wa shule. Yule mtoto aliweka alama ndogo karibu na mnara wa maji, msalaba. Mimi mwenyewe sikumuuliza ni ya nini. Huenda mkuu aliuona ule msalaba. Huenda alikuwa anasema kweli.

Nimewaza pia kwamba watu hawa wote wanataka neno moja kutoka kwangu, ndiyo au siyo, dole gumba hapa, sahihi pale. Na kwamba Pindo, humo ndani, anangoja shati.

Mlango umefunguliwa. "Fundi wa mashati." Nimeomba dakika moja nimalize mstari, karani kakubali kwa kuguna. Afisa amesimama, anaweka sawa tai yake kana kwamba ndiye aliyeitwa. Kupitia mlango naona meza, vipande vimepangwa juu yake, sijui kwa mpangilio wao au wangu. Namwona Kola kwa nyuma. Shingo, mabega.

Saa ya ukutani ni tisa na robo. Ile ofisi mjini imekwisha kufungwa na jina langu limefutwa. Kesho nitampigia mdogo wangu nimwambie lile aliloniomba nimwambie, kwamba sitaki kuja, bila kumtaja mfungwa.

Sitarudi nyumbani.